Maswali na Majibu: Kakao iliyovuka bahari

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya bei ya kakao, na katikati ya makala tukasema kwa sentensi moja tu kwamba kakao ya Afrika haikuanzia bara bali kisiwani. Barua nyingi zilizotufikia zimeikamata sentensi hiyo na kuiacha bei. Tumechagua baadhi yake.

Ni kisiwa gani hicho? Huku kwetu tunaambiwa tu kwamba kakao ilitoka Ghana.
*Mkulima, Kyela*

Ni Príncipe, kisiwa kidogo cha Ghuba ya Guinea ambacho eneo lake halifiki kilomita za mraba 150. Mwaka 1822 José Ferreira Gomes alileta kakao kutoka Bahia, Brazil, ikapandwa huko. Mwaka huo huo Brazil ilijitenga na Ureno, na Ureno ikabaki na visiwa hivi vyenye joto na mvua inayoupendeza mkakao. Kutoka Príncipe mmea ukavuka kwenda kwa jirani yake mkubwa, São Tomé, kisha katikati ya karne ya 19 ukafika Fernando Pó, kisiwa kinachoitwa Bioko leo, katika Guinea ya Ikweta.

Ghana inaingia hapo. Tetteh Quarshie, mhunzi aliyekuwa amefanya kazi Fernando Pó, alirudi kwao Gold Coast, jina la Ghana enzi za ukoloni, na mbegu, akazipanda Mampong mwaka 1879. Si yeye peke yake: wamisionari wa Basel walikuwa wamejaribu kabla yake, na baadaye gavana Griffith aliagiza matunda kutoka São Tomé kwa ajili ya bustani ya Aburi. Lakini tazama kwamba njia zote mbili, ya mhunzi na ya gavana, zinapita visiwani. Ilipofika 1911 Gold Coast ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza kakao nje, kwa miti iliyotokana na matunda machache mno.

Aina iliyosafiri hivyo inaitwa amelonado, kwa sababu tunda lake linafanana na tikiti dogo: ganda karibu laini, mifereji isiyo ya kina, ncha butu, rangi ya kijani linapokuwa bichi na njano linapoiva. Ukipasua punje mbichi ndani ni zambarau iliyokolea. Ua la amelonado linaweza kuchavushwa kwa chavua ya mti huo huo, kwa hiyo hata mti mmoja ulio peke yake kisiwani huzaa, na watoto hufanana na mama. Mkakao wa aina inayohitaji mwenzi usingeweza kuanzisha mashamba kwa urahisi huo.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, asili ya mmea ni misitu ya juu ya mto Amazon. Huko Santa Ana-La Florida, kusini mwa Ecuador, vyombo vya kale vimekutwa na mabaki ya kakao ya miaka ipatayo 5,300.

Nimefundishwa kwamba mbegu ya kakao haihifadhiki. Sasa ilivukaje Atlantiki kwa jahazi?
*Mwanafunzi wa kilimo, Morogoro*

Umefundishwa sawasawa. Mahindi na maharage ukiyakausha yanalala usingizi, mwakani yanaota. Mbegu ya kakao hailali. Ikikauka imekufa, ikipata baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi inakufa, na ukiitoa ndani ya tunda ukaiacha hewani huna hata juma moja. Ndani ya tunda lililokomaa huishi majuma mawili hadi matatu, ikizungukwa na ule ute mweupe. Zaidi ya hapo huanza kuota ndani kwa ndani au tunda linaoza.

Kwa hiyo zilikuwapo njia mbili. Ama ubebe matunda mazima, uchague yaliyokomaa lakini hayajaiva kupita kiasi, na uombe upepo mzuri. Ama upande mbegu kwenye makasha ya udongo siku ya kuondoka, zichipue safarini, na mtu awe na kazi ya kuzikinga na maji ya chumvi na kuzipimia maji matamu ambayo mabaharia wenyewe waliyahitaji. Masanduku ya kioo ya Nathaniel Ward, yaliyofanya mimea isafiri miezi bila kumwagiliwa, yalianza kutumika miaka ya 1830, baada ya kakao kuwa imekwisha tua Príncipe. Ndiyo maana visiwa vilikuwa na maana kubwa. Hatua fupi za kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, kisha hadi pwani, zilikuwa ndani ya uhai wa tunda.

Kanuni ni hiyo hiyo ukisafirisha mbegu leo kutoka Kyela kwenda Kilombero. Beba matunda mazima, usiyapasue. Yafunge kwa majani mabichi ya mgomba, yakae kivulini, yasibanane. Ukilazimika kupasua, sugua ute kwa pumba za mbao au majivu mpaka punje zisiteleze, kisha zipakie kwenye unga wa mkaa ulio na unyevu kidogo, na uzipande ndani ya siku tatu au nne.

Kwenye kiriba, laza punje kwa ubavu au uisimamishe ile ncha nene iliyokuwa imeshika moyo wa tunda ikiwa chini, kina cha sentimita 1 hadi 2. Ukiigeuza juu chini mzizi hutoka, hupinda kama ndoano, na mti huo utakuja kuanguka kwa upepo ukiwa mkubwa wakati umekwisha sahau kosa lako. Mche huinuka baada ya majuma mawili hivi ukibeba punje kichwani. Kivuli cha kitalu kiwe zaidi ya nusu, ukipunguze kidogo kidogo, na mche uende shambani ukiwa na miezi minne hadi sita, mvua zikiwa zimeshika.

Nafundisha habari za manamba wa mkonge. Je, mashamba ya visiwa hivyo nayo yalikuwa na manamba?
*Mwalimu wa historia, Tanga*

Yalikuwa na kitu kibaya kuliko manamba, mwalimu, na ni vizuri wanafunzi wako waone tofauti.

Utumwa ulikomeshwa kisheria São Tomé mwaka 1875. Watumwa walioachwa huru waliondoka mashambani, na wenyeji huru wa tangu zamani, wanaoitwa Forros, walikataa katakata kulima kwenye mashamba makubwa. Kwao kazi ile ilikuwa ni utumwa. Wenye mashamba, ambayo kwa Kireno huitwa roça, wakageukia Angola. Watu walikamatwa au kununuliwa bara, wakapelekwa pwani, na pale mbele ya karani wakaulizwa kama wanakubali mkataba wa miaka mitano. Baada ya karatasi hiyo hawakuitwa watumwa tena, waliitwa serviçais, watumishi. Mkataba ulipoisha uliandikwa upya. Mpaka mwaka 1908 karibu hakuna Mwangola aliyerudishwa kwao.

Tofauti iko hapo. Manamba wa mkonge alinyanyaswa, kipande chake, yaani kadi ya siku 30 za kazi, kilikatwa kwa visingizio, lakini mwisho wa mkataba alipanda gari la moshi akarudi nyumbani. Serviçal wa São Tomé alikuwa katikati ya bahari, na mtoto aliyemzaa huko alikua akihesabiwa kuwa mali ya shamba.

Roça ilikuwa kama mji mdogo: nyumba ya bwana, uwanja wa kuanikia, safu za vyumba vya wafanyakazi, kanisa, mara nyingi hospitali, na reli nyembamba ya kusukumia mabehewa hadi gatini. Kengele ililia alfajiri, watu wakajipanga uwanjani wahesabiwe, na jioni wakahesabiwa tena.

Mwaka 1901 kampuni ya Cadbury ya Uingereza, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya kakao yake huko, ilipata kuona tangazo la kuuzwa kwa roça moja. Katika orodha ya mali walikuwamo wafanyakazi weusi 200, wakiwa wamewekewa bei ya pauni 3,555. Orodha hiyo ilikuwa inasema jambo lote. Hata hivyo ununuzi uliendelea miaka minane. Mwandishi Henry Nevinson alikwenda Angola na visiwani mwaka 1904 na 1905 akaeleza aliyoyaona. Cadbury wakamtuma Joseph Burtt achunguze, naye akathibitisha. Ni Machi 1909 ndipo Cadbury, Fry na Rowntree walipotangaza kuacha kununua kakao ya visiwa hivyo. Gazeti la Standard la London lilikuwa limewashutumu Cadbury kwa unafiki, nao wakalishtaki. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi Desemba 1909, na fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni. Hesabu hiyo waeleze wanafunzi polepole, wataelewa wazee wale walikuwa wanafikiri nini.

Baada ya hapo wafanyakazi walizidi kuletwa kutoka Msumbiji na Cape Verde. Februari 1953 uvumi ulipoenea kwamba Forros nao watalazimishwa kulima, serikali ya gavana Carlos Gorgulho iliua watu wengi katika mauaji ya Batepá. Tarehe 3 Februari ni siku ya kumbukumbu ya taifa huko mpaka sasa.

Fernando Pó haikuwa na afadhali. Kusafirishwa kwa nguvu kwa vibarua kutoka Liberia kuliiletea nchi hiyo aibu mbele ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya ripoti ya uchunguzi ya mwaka 1930 Rais Charles King wa Liberia alijiuzulu.

Ni kweli kwamba nadharia ya Einstein ilipimwa kwenye shamba la kakao?
*Msomaji, Nairobi*

Ni kweli. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Arthur Eddington alilipiga picha akiwa Roça Sundy, Príncipe, ili kuona kama mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua. Mvua na mawingu vilimnyima picha nyingi, zikabaki chache zilizofaa. Kundi la pili lilikuwa Sobral, Brazil, na matokeo ya pande zote mbili yakaiunga mkono nadharia.

Wanunuzi wanarudisha kakao yangu, wanasema ndani ni ya zambarau na inakwaruza ulimi. Visiwani walivundika vipi?
*Mkulima, Bundibugyo*

Zambarau maana yake uvundikaji haukufika mwisho. Kosa huwa ni moja kati ya manne: lundo dogo, siku chache, kutogeuza, au kuchanganya matunda ya siku mbalimbali.

Kwenye mashamba makubwa ya visiwani walitumia masanduku ya mbao yaliyopangwa kama ngazi. Kakao iliingia sanduku la juu, baada ya siku mbili ikamwagwa la chini yake, kisha la chini zaidi. Kule kumwaga ndiko kugeuza kwenyewe. Sanduku la mita moja kila upande linahitaji mzigo mkubwa. Wewe mwenye mavuno ya kilo 80 hadi 150 za punje mbichi tengeneza la sentimita 60 kwa 60, kina 50. Mbao ziwe za mti usio na harufu, usitumie misumari inayogusa kakao, na sakafu itobolewe matundu ya ukubwa wa kidole kidogo kila sentimita 10, ili maji ya ute yatoke. Yasipotoka, punje za chini huzama na kuoza. Chini ya kilo 50 joto halipandi vizuri, ni afadhali uungane na jirani.

Vuna yaliyoiva tu, kwa kisu chenye makali, bila kung'oa kile kifundo kwenye shina, kwa sababu maua ya mwakani hutoka hapo hapo. Pasua ndani ya siku tatu au nne, kwa rungu la mti badala ya panga, maana panga hukata punje na ukungu huingilia kwenye jeraha. Tupa punje nyeusi, zilizoota, na ule uzi wa katikati. Jaza sanduku siku moja, funika kwa majani ya mgomba na magunia.

Siku ya kwanza na nusu hamira ya hewani hula sukari ya ute na kuigeuza pombe, na unasikia harufu kama ya pombe ya ndizi. Baada ya saa 48 geuza: hewa ikiingia, bakteria wengine huigeuza pombe hiyo kuwa siki, na lundo huchemka hadi nyuzi 45 au 50. Ukitia mkono utautoa haraka. Joto na siki hiyo ndivyo vinavyoua kiini cha mbegu, kuta za ndani zinavunjika, zambarau inachanganyika na kugeuka kahawia, na ukali unapungua. Geuza tena baada ya saa 48 nyingine. Amelonado na machotara wengi humaliza siku ya sita. Ukizidisha, harufu hugeuka ya nyama iliyoharibika, na hapo hakuna dawa.

Dalili ya kutoa: pasua punje kumi. Ndani utaona maji ya kahawia yakijipenyeza kwenye mikunjo, na ukingo umefifia.

Kukausha nako kuna historia yake. Trinidad walijenga nyumba za kakao zenye paa linalosukumwa juu ya reli: mvua ikija paa linafunika, jua likitoka linafunguka, na wafanyakazi walizicheza punje kwa miguu mpaka ziking'aa. São Tomé, ambako mvua ni nyingi, walijenga vikaushio vikubwa vyenye moto wa kuni chini ya sakafu. Bomba la moshi likipasuka kakao yote hunuka moshi, na harufu hiyo haitoki hata kiwandani. Anika kwenye chanja, tabaka la sentimita 4 hadi 5, uligeuze mara kwa mara, siku 7 hadi 10. Siku mbili za kwanza usiwe na haraka, kwa sababu ganda likikauka ghafla siki hunaswa ndani. Komea unyevu ukiwa asilimia 7. Ukishika konzi ukaibinya, inalia. Juu ya asilimia 8 ukungu huota gunia likiwa ghalani. Kilo 100 mbichi hutoa kama 38 hadi 40 kavu.

Kabla ya kuuza kata punje 100 kwa urefu uzihesabu. Daraja la kwanza la kimataifa haliruhusu zaidi ya 3 zenye ukungu wala zaidi ya 3 za rangi ya kijivu, ambazo hazikuvunda kabisa. Mkulima anayefika kwa mnunuzi na hesabu hiyo mkononi hadanganywi kirahisi.

Visiwa vile vilipata kakao, sisi tukapata karafuu. Kwa nini? Na je, kakao inaweza kustawi Pemba?
*Msomaji, Wete*

Historia mbili hizi ni ndugu. Karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Réunion na Mauritius, ikapanuliwa na Sayyid Said, wakati ule ule kakao ilipokuwa inashika mizizi Príncipe. Kote mmea ni mgeni, kote soko liko ng'ambo, na kote waliopanda walikuwa watumwa. Tofauti ni bahari gani uko: mbegu za Bahia zilikuwa karibu na Guinea, na za karafuu zilikuwa karibu nasi.

Mkakao utakubali Pemba magharibi. Hata Unguja upo kwenye mashamba ya viungo, watalii wanaonyeshwa. Mvua ya Pemba inayokaribia milimita 1,900 kwa mwaka inatosha, kwani mkakao unataka 1,500 hadi 2,000. Tatizo ni mgawanyo. Haupendi miezi zaidi ya mitatu mfululizo yenye mvua chini ya milimita 100, na kati ya masika na vuli mnapita humo humo ukingoni. Kwa hiyo matandazo mazito na kivuli ni lazima. Upande wa maweni usijaribu: mzizi mkuu unataka udongo wa kina cha mita moja na nusu, na kwenye mawe ya matumbawe mti hudumaa mwaka wa tatu, wakati umekwisha gharamika.

Usikate mkarafuu upande kakao. Panda chini ya minazi. Minazi ikiwa mita 9 kwa 9, weka mikakao katikati ya mistari, mita 3 kati ya mti na mti, na usiisogeze chini ya mita 2 kutoka shina la mnazi, maana makuti yakianguka huvunja miche. Migomba iwe kivuli cha miaka miwili ya kwanza. Panya watakuwa adui wako mkuu, kwani huhama kutoka dafu kwenda kakao. Wanatoboa tunda karibu na kikonyo, wananyonya ute, punje wanazitupa chini. Vuna kila majuma mawili, usiache matunda yaliyoiva mtini. São Tomé wanahangaika na panya pamoja na kima wa aina ya mona, ambao nao waliletwa na watu.

Na upepo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kikaisaza Pemba kwa sehemu kubwa, ndiyo sababu Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. Pande za kusi panda ukuta wa miti kwanza, kakao baadaye.

Kwenye pakiti ya chokoleti nimeona neno Trinitario. Ni jina la mtu?
*Msomaji, Muscat*

Ni jina la watu wa Trinidad. Wahispania walilima huko kakao ya criollo, laini na isiyo na ukali. Mwaka 1727 janga lililosemwa kuwa la upepo au maradhi liliangamiza mashamba. Miaka 30 hivi baadaye zikaletwa mbegu ngumu za forastero kutoka bara, Venezuela, zikachavushana na criollo chache zilizonusurika. Mtoto wao ndiye trinitario: uvumilivu wa upande mmoja, harufu nzuri ya upande wa pili.

Kisiwa hicho kimeifanyia Afrika kazi kubwa ambayo haitajwi. Miaka ya 1930 mtafiti F. J. Pound alichagua miti bora 100 ya Trinidad, ndiyo ile yenye herufi ICS (Imperial College Selection), kisha akaenda Amazon ya Peru kutafuta kakao inayostahimili ugonjwa wa kuvu uitwao wa ufagio, ulioingia Trinidad mwaka 1928. Wakati huo huo Ghana ilikuwa imeingiliwa na ugonjwa wa virusi wa kuvimba matawi, uliotambuliwa mwaka 1936, na amelonado, ikiwa ukoo mmoja, haikuwa na kinga. Mwaka 1944 mtafiti A. F. Posnette alileta Ghana mbegu za ile miti ya Pound. Machotara mengi yanayopandwa Afrika Magharibi yana damu hiyo.

São Tomé iliwahi kuongoza duniani. Iliangukaje, na sisi huku tuogope nini?
*Mkulima, Beni*

Mwaka 1913 visiwa hivyo viwili vilitoa tani zipatazo 36,500. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa tani elfu chache tu. Watu hupenda kusema ni ule mgomo wa wanunuzi wa 1909, lakini kakao ilipata wanunuzi wengine. Kilichoiangusha kilianzia ardhini.

Walifyeka msitu, wakalima bila kurudisha kitu, na sehemu nyingi wakaondoa kivuli ili mti uzae zaidi. Ulizaa kweli, kwa miaka michache. Tani moja ya punje kavu huondoka na kilo 20 hivi za nitrojeni, na potasi nyingi imo kwenye maganda. Miti ikachoka, na mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja thripsi, wadudu wembamba wenye mkanda mwekundu, wanaofyonza majani mpaka yanageuka rangi ya kutu na kudondoka. Thripsi hupenda mti ulio juani na wenye njaa. Wakapanda upya kivuli cha eritrina, lakini zile tani hazikurudi. Baada ya uhuru wa 12 Julai 1975 mashamba yalitaifishwa, mafundi wengi wakaondoka, na miti ya kizee ikabaki bila kupogolewa.

Beni udongo wenu haujachoka bado, na msitu uko karibu. Acheni miti ya kivuli, 15 hadi 20 mirefu kwa hekta. Rudisheni maganda shambani, lakini si mabichi: lundikeni pembeni, mfunike, yaoze miezi mitatu au zaidi, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa wa kuoza matunda hukaa humo vikisubiri mvua. Tunda lililoanza kuwa jeusi litolewe juma hilo hilo. Moja likiachwa mtini huyaambukiza yaliyo chini yake kila mvua inapodondoka.

Ndugu yangu ni baharia, meli yao hufika Salvador, Brazil. Naweza kumwomba matunda mawili ya kakao ya Bahia?
*Mkulima, Muheza*

Hapana, ndugu yetu, hata moja. Ugonjwa wa ufagio uliingia Bahia mwaka 1989, na katika muongo mmoja uzalishaji wa Brazil ulishuka kwa takribani robo tatu. Haujafika Afrika. Kuvu wake hukaa ndani ya tunda linaloonekana zima, ndani ya mbegu na kwenye kijiti cha kubebeshea. Kakao ya 1822 ilivuka kabla ugonjwa haujafika kwenye mashamba yale. Ya leo haina bahati hiyo.

Mimea ya kakao inayohamishwa kati ya mabara hupitia karantini ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambako inalelewa na kukaguliwa kama miaka miwili ndani ya nyumba za kioo, kwenye nchi isiyo na mashamba ya mikakao ya kuambukizwa. Kwa Tanzania, kibali hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mkulima mmoja mmoja hana sababu ya kukiomba.

Tafuta mti mama shambani kwako au kwa jirani. Weka alama miti kumi inayoonekana kuzaa, hesabu matunda ya kila mmoja kwa misimu mitatu, ukiondoa yaliyooza. Mti unaokupa kilo moja kavu kwa matunda 20 ni bora kuliko unaohitaji 30, hata kama wa pili umezidi kidogo kwa idadi ya matunda. Kata vijiti vya unene wa penseli asubuhi, vyenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka, ondoa majani ubakize vikonyo, vifunge kwa gazeti lenye unyevu, na uvibebeshe siku hiyo hiyo kwenye miche ya miezi minne. Kamba ya nailoni ifunguliwe baada ya majuma matatu. Ukikwaruza kidogo ukaona kijani, kimeshika.